Katalogi inakwambia hakuna, kumbe kitabu kipo: namna ya kutafuta kwenye katalogi ya maktaba mpaka upate

Wanafunzi wengi wakikaa mbele ya kompyuta ya maktaba wanaandika vilevile wanavyoandika Google, yani swali zima kama lilivyo kichwani, "athari za mitandao ya kijamii kwa vijana wa Tanzania", wanabonyeza, majibu sifuri, wanafunga wanaenda zao wakisema maktaba hii haina kitu. Kitu kipo sana. Ishu ni kwamba maneno yao hayajakutana na maneno yaliyoandikwa kwenye katalogi, na kwa kweli habari yote ndo hiyo, mengine yote nitakayosema hapa ni njia za kuyakutanisha tu. Sehemu kubwa ni ya wewe unayetafuta, huko mwisho kuna ya wakutubi, manake kuna matatizo ambayo msomaji hata ajue kutafuta vipi hawezi kuyatibu, yako jikoni.

Mifano nitaitoa kwenye Koha, kwa sababu ndo programu utakayoikuta kwenye maktaba nyingi za vyuo huku kwetu, ni ya bure na mtu yeyote anaweza kuifungua akaona ilivyoandikwa, ilitengenezwa New Zealand na maktaba ya Horowhenua ikaanza kuitumia mwanzoni mwa 2000. Kama chuo chenu kina mfumo mwingine usijali, vitufe vinabadilika majina lakini akili ni ileile.

Kitu cha kwanza ukielewe: katalogi haisomi kitabu. Haijui kurasa za ndani zimesema nini. Inasoma rekodi tu, yani maelezo mafupi ambayo mkutubi aliyaandika siku kitabu kinaingia: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, mada mbili tatu, ukibahatika na muhtasari wa mistari michache. Sasa wewe umeandika maneno tisa, na mfumo kwa kawaida unataka rekodi yenye maneno yote tisa, sio baadhi, YOTE. Kila neno unaloongeza linabana majibu zaidi. Na wale "za", "ya", "kwa", "wa" nao wanahesabiwa kama maneno, hakuna aliyeufundisha mfumo kwamba hao ni wa kuruka, kwa hiyo unaweza kukosa kitabu kizuri kwa sababu tu jina lake lina "ya" pale ulipoandika "za".

Kwa hiyo futa sentensi. Baki na majina mawili, matatu kwa taabu sana. Swali la hapo juu linakuwa "mitandao vijana". Maneno kama athari, umuhimu, changamoto, nafasi, mchango, mtazamo, hayo ni maneno ya kichwa cha utafiti wako, ya kumridhisha msimamizi wako, katalogi haina kazi nayo. Tanzania nayo iache kwanza, utaiongeza baadae kama majibu yamezidi.

Kitabu cha Kiswahili kinaweza kuwa na mada ya Kiingereza

Hapa ndo watu wengi wanapopotelea. Unatafuta vitabu vya kilimo cha muhogo, unaandika "muhogo", unapata kimoja au hupati, unahisi basi. Lakini fungua rekodi ya kitabu kile kimoja ulichopata ushuke chini kwenye mada, utakuta mara nyingi pameandikwa "Cassava", halafu pengine "Cassava -- Tanzania". Kitabu cha Kiswahili, kimeandikwa na Mswahili, kimechapwa Dar, mada iko kwa Kiingereza. Kwanini? Kwa sababu maktaba nyingi za huku hazitungi mada zenyewe, zinatumia orodha ya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na hiyo orodha ni ya Kiingereza. Hao jamaa wana ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya na kuorodhesha machapisho ya ukanda huu, kwa hiyo vitabu vingi vya Kiswahili tayari vina rekodi kule Washington, na mkutubi wa huku badala ya kuanza kuandika upya anaivuta ile rekodi kwa mtandao, anaikopi kama ilivyo, mada zake humohumo. Simlaumu, ana maboksi ya vitabu sakafuni yanamsubiri.

Sasa mbinu yenyewe, na kama utaondoka na kitu kimoja kwenye maelezo haya ondoka na hiki: usitafute vitabu kumi, tafuta KIMOJA kinachofaa, kisha kiulize chenyewe kinaitwaje. Yani andika maneno yako ya kawaida, pata rekodi moja inayogusa jambo lako hata kama sio bora, ifungue, angalia mstari wa mada, zile mada zimewekwa kama linki, bonyeza. Mfumo unakuletea vitabu vyote vyenye mada ileile, vya Kiswahili na Kiingereza pamoja, hata vile ambavyo kwenye jina havina neno lako kabisa. Mtu anayetafuta muhogo akibonyeza ile "Cassava" anaweza kukuta ripoti za magonjwa ya mimea, za usindikaji, za masoko, ambazo asingezipata kwa kuandika hata angekesha.

Ukishaona inavyoenda utaanza kubahatisha mwenyewe. UKIMWI kwenye orodha ile ni "AIDS (Disease)". Mitandao ya kijamii ni "Social media" na pia "Online social networks", vijana ni "Youth". Ushairi wa Kiswahili ni "Swahili poetry", lugha yenyewe ni "Swahili language". Angalia na tahajia, ni ya Kimarekani, kwa hiyo kwenye mada utakuta "Labor" wakati jina la kitabu kilichochapwa London au Nairobi linasema "labour", ukiandika moja unakosa upande wa pili. Na hizi mada zinabadilishwa pia: mapishi zamani ilikuwa "Cookery", mwaka 2010 wakaigeuza "Cooking", sasa kama maktaba yako haikurekebisha rekodi za zamani basi vitabu vyako vya mapishi vimekaa kwenye makundi mawili yasiyojuana. Hapo unaandika cook* na nyota mwishoni, inakamata yote mawili.

Kama katalogi yenu ni ndogo na hata hicho kimoja hukipati, nenda kwenye katalogi ya Maktaba ya Bunge yenyewe, catalog.loc.gov, ni bure na haihitaji akaunti, tafuta huko kitabu unachokijua wewe cha mada hiyo, soma mada zake, kopi, rudi nazo kwenye katalogi ya chuo. Hata WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba nyingi za dunia, inafaa kwa kazi hiyohiyo. Ukitafuta kwenye katalogi za vyuo vya Kongo au Burundi kumbuka huko rekodi nyingi ni za Kifaransa, kwa hiyo muhogo wako unaweza kuitwa "Manioc". Na ukichoka na lugha zote kwa mimea kuna jina la kisayansi, Manihot esculenta, hilo halina lugha.

Maneno yetu yanabadilikia mbele

Hizi programu zilitengenezwa na watu ambao lugha zao zinabadilika mwishoni mwa neno. Mwingereza anasema book, books, anaweka nyota mwishoni mambo yamekwisha, au anauachia mfumo ukate ile s wenyewe. Sisi ni kitabu, vitabu. Mtoto, watoto. Ugonjwa, magonjwa, mgonjwa, wagonjwa. Nyota ya mwishoni hapo haisaidii kitu, na ile setingi ya kukata maneno kwenye Koha inategemea programu ndogo inaitwa Snowball ambayo ina Kifini, ina Kideni, Kiswahili haina.

Kwa hiyo unafanya kwa mkono. Andika umoja na wingi ukitenganisha na OR:

mtoto OR watoto
ugonjwa OR magonjwa
muhogo OR mhogo OR mihogo OR cassava

Hiyo OR iandike kwa herufi kubwa. Kuna mifumo inakubali hata ndogo lakini Koha iliyowekewa injini ya Elasticsearch inataka kubwa, sasa kwanini ujisumbue kukumbuka ipi ni ipi, andika kubwa siku zote. Na usiandike "au" wala "na" ukitegemea itakuelewa, yenyewe inajua AND, OR na NOT tu, "na" yako itaihesabu kama neno la kutafuta.

Unaweza kujaribu nyota ya mbele, *gonjwa, kuna mifumo inaikubali, mingine inakataa au inachelewa mpaka unadhani imekufa. Ikikubali ni raha, *lim* inakupa kilimo, mkulima, wakulima, ukulima, ingawa itakuletea na mwalimu na elimu humohumo maana nao wana "lim", utachambua. Halafu yapo yale ambayo hakuna nyota itakayoyaokoa, jino na meno, jicho na macho. Hayo ni OR tu.

Ukitaka kuchanganya makundi tumia mabano:

(muhogo OR mihogo OR cassava) AND (soko OR masoko OR marketing)

Kila mabano ni wazo moja lenye majina yake yote, katikati ya mabano ni AND. Ukizoea hii utajikuta unaandika kwenye karatasi kwanza kabla ya kukaa kwenye kompyuta, na hio ni dalili nzuri. NOT mimi siishauri sana. Mtu anaandika uchumi NOT Kenya akitaka ya Tanzania, anatupa nje vitabu vyote vya Afrika Mashariki ambavyo vimeitaja Kenya popote kwenye rekodi, na humo ndo mlikuwa na sura nzuri za Tanzania.

Tahajia, majina ya watu, na ile alama ya ng'

Andika ng'ombe kwenye simu, kisha andika kwenye kompyuta ya maktaba, unaweza kupata majibu tofauti. Baadhi ya simu, iPhone hasa, zinaigeuza ile alama iliyonyooka ikawa iliyopinda, kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa. Kuna mfumo utaikata ng'ombe vipande viwili, "ng" na "ombe". Ukikosa jaribu na "ngombe" bila alama, na ukipesti jina kutoka kwenye WhatsApp au PDF ifute ile alama uiandike upya. Kwa ujumla ukipesti jina la kitabu usilipesti na nukta mbili, mikwaju na mabano yake, hizo alama mfumo unaweza kuzisoma kama amri. Chukua maneno matatu manne ya maana kutoka kwenye jina, yanatosha.

Majina ya waandishi ndo kichaka kingine. Ngũgĩ wa Thiong'o ana alama juu ya herufi na ana alama kwenye ng', sehemu mbili za kukosea kwenye jina moja, we andika ngugi tu kwenye kisanduku cha mwandishi. Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mohamedi, zote zipo na mtu mmoja anaweza kuwa kaandikwa namna mbili kwenye vitabu viwili. Alafu majina yetu hayana "jina la ukoo" la Kizungu, kwa hiyo wengine wamegeuzwa wakaanza na jina la mwisho, wengine hawakugeuzwa. Ukitumia utafutaji wa maneno mpangilio haujalishi, andika shaaban robert au robert shaaban ni sawa, lakini ukienda kwenye ile orodha ya alfabeti ya waandishi angalia sehemu zote mbili, kwenye S na kwenye R.

Kwa vitabu vya zamani lugha yenyewe ilikuwa inaandikwa ovyoovyo, tahajia ya pamoja ilianza kushikwa na kamati ya lugha iliyoundwa 1930. Mjerumani aliandika Suaheli na Kisuaheli, huko Kongo ya mashariki kuna vitabu vinavyoiita Kingwana. Anayetafuta kamusi na sarufi za zamani aandike zote: swahili OR kiswahili OR suaheli OR kisuaheli OR kingwana.

Na nchi nazo zilibadilika majina. Kitabu cha 1955 hakiwezi kuwa na neno Tanzania kwenye jina lake, nchi hiyo ilikuwa bado, jina lilikuja 1964. Andika tanganyika OR zanzibar OR tanzania, na kwa enzi za Mjerumani ongeza "German East Africa" na "Deutsch-Ostafrika". Kenya mpaka 1920 iko chini ya "East Africa Protectorate" na "British East Africa". Kongo ni balaa, kuna Congo Belge, kuna Zaire kati ya 1971 na 1997, na kwenye orodha ya mada ya Wamarekani sasa ni "Congo (Democratic Republic)". Vita vya Majimaji 1905 mpaka 1907 kuna waliounganisha na kuna waliotenganisha, kwa hiyo majimaji OR "maji maji", hiyo ya pili weka ndani ya alama za kufungua na kufunga usemi ili maneno yakae pamoja, usije ukaletewa vitabu vya visima.

Ukipata majibu mengi mno

Hili ni tatizo la watu wachache lakini lipo. Usiongeze maneno kwanza, bana kwa sehemu. Kwenye Koha unaweza kuandika hivi moja kwa moja kwenye kisanduku:

ti:kilimo
su:cassava
au:ngugi

ti ni jina la kitabu, su ni mada, au ni mwandishi, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili. Ukiandika kilimo peke yake unapata kila rekodi yenye neno hilo popote, hata zile ambazo mchapishaji ni Wizara ya Kilimo, ukiandika ti:kilimo unabaki na vitabu vyenye neno hilo kwenye jina. Pia kuna utafutaji wa kina ambapo unachagua mwaka na lugha kwenye menyu, na upande wa kushoto wa majibu kuna orodha ya waandishi, mada na aina ya vitu ambayo unaweza kubonyeza ukachuja. Ila kichujio cha lugha kiogope kidogo, ukichagua Kiswahili unaweza kupoteza vitabu vya Kiswahili vyenyewe, sababu nitaieleza kwenye sehemu ya wakutubi.

Kingine ambacho watu hawakitumii ni namba ya rafuni. Ukishapata kitabu kimoja kizuri angalia namba yake, nenda rafuni simama pale, soma majirani zake kulia na kushoto. Maktaba zinazopanga vitabu kwa namba za Dewey lugha ya Kiswahili iko 496.392 na fasihi yake 896.392, zinazotumia mfumo wa Maktaba ya Bunge iko PL8701 mpaka PL8704. Macho yako yanajua kwamba mgonjwa na wagonjwa ni neno moja, kompyuta haijui.

Na kabla hujaendelea kuhangaika hakikisha unatafuta kitu sahihi mahali sahihi. Makala za majarida hazimo kwenye katalogi, humo lipo jina la jarida tu. Tasnifu za wanafunzi mara nyingi zina tovuti yake tofauti, nyingi zinatumia programu ya DSpace. Mtu anaweza kulaumu katalogi wiki nzima kwa kitu ambacho hakikuwahi kuwekwa humo.

Sasa wakutubi, ya jikoni

Anza na kujua watu wanakosa nini. Kama kwenye setingi umewasha EnableOpacSearchHistory, Koha inahifadhi utafutaji wa watu waliologin kwenye jedwali la search_history, pamoja na idadi ya majibu waliyopata. Nenda kwenye ripoti, tengeneza ripoti ya SQL, weka hii:

SELECT query_desc, COUNT(*) AS mara
FROM search_history
WHERE total = 0 AND type = 'biblio'
GROUP BY query_desc
ORDER BY mara DESC
LIMIT 100

Hapo utaona vilio mia vya watu vimepangwa. Safu ya userid usiivute, hakuna haja ya kujua nani alitafuta nini, unachotaka ni neno tu. Orodha hii ina thamani kuliko warsha yoyote ya siku tatu hotelini, kwa sababu ni maneno ya wasomaji wako wenyewe, sio ya kukisia.

Ukishayajua maneno njia ya uvivu ni kuingia rekodi mojamoja ukaongeza maneno ya Kiswahili kwenye uga wa 653 (kila sehemu ya rekodi ina namba yake, hiyo ndo inaitwa uga), ambao ni wa maneno huru yasiyotoka kwenye orodha yoyote. Inafanya kazi, ila kama una vitabu sitini vya muhogo utaandika muhogo mara sitini, na cha sitini na moja kikija mwenzako atasahau. Njia ya maana ni kwenye rekodi za mamlaka, yani zile zinazotunza jina rasmi la mada au la mtu pamoja na majina yake mengine. Fungua rekodi ya mamlaka ya Cassava, jina lenyewe liko 150, we ongeza 450 ya Muhogo, 450 nyingine ya Mihogo, nyingine Mhogo. Kisha kwenye setingi za kutafuta washa IncludeSeeFromInSearches. Hiyo setingi kazi yake ni kuchukua yale majina ya 450 na kuyaingiza kwenye faharasa ya kila kitabu kilichounganishwa na mamlaka ile, kwa hiyo msomaji akiandika mihogo anapata vitabu vyote vya Cassava bila yeye kujua kilichotokea, na umeandika mara moja tu. Kwa majina ya watu ni hivyohivyo, 100 ina namna moja ya jina, namna zingine zote weka 400.

Mambo mawili yanaangusha watu hapo. La kwanza, vitabu lazima viwe vimeunganishwa kweli na rekodi ya mamlaka, sio kwamba maneno yanafanana tu. Rekodi zilizokopiwa kutoka nje mara nyingi hazijaunganishwa, kuna skripti inaitwa link_bibs_to_authorities.pl ya kuziunganisha kwa mkupuo, iendeshe kwanza kwa majaribio. La pili, kwa Zebra, injini nyingine ya kutafuta ya Koha, majina hayo yanaingia wakati wa kujenga faharasa, kwa hiyo ukiwasha setingi halafu ukaenda kutafuta hutaona tofauti yoyote na utadhani haifanyi kazi. Jenga faharasa upya yote, usiku watu wakiwa hawapo:

sudo koha-rebuild-zebra -f -v jina_la_maktaba

Badala ya jina_la_maktaba weka jina mlilolisajili kwenye seva.

Kuhusu lugha niliyoahidi. Kwenye uga wa 008, nafasi ya 35 mpaka 37, kuna herufi tatu za lugha, Kiswahili ni swa. Kichujio cha lugha kinasoma hapo. Sasa Koha ina setingi inaitwa DefaultLanguageField008, ikiachwa tupu inajaza eng, na maktaba nyingi zimeiacha tupu, kwa hiyo kila kitabu kilichoingizwa kwa mkono na mtu mwenye haraka kimesajiliwa kuwa cha Kiingereza hata kama ni diwani ya mashairi. Jaribu saa hii, tafuta neno ambalo liko kwenye vitabu vya Kiswahili pekee, tuseme "hadithi", kisha chuja kwa Kiingereza uone wangapi wanabaki. Kama vitabu vyako vingi ni vya Kiswahili weka swa kwenye hiyo setingi, na zile za zamani zitoe uzirekebishe kwa programu ya MarcEdit au kidogokidogo kila siku. Kitabu kilichotafsiriwa kijazie na 041, ili anayetafuta tafsiri ajue imetoka lugha gani.

Ukipata nafasi ya kuongeza kitu kimoja tu kwenye rekodi ongeza yaliyomo, uga wa 505, hasa kwa diwani, mikusanyo ya hadithi fupi na vitabu vya makala za watu wengi. Msomaji anajua jina la shairi, hajui limo kwenye kitabu gani. Muhtasari wa 520 unafuata kwa umuhimu, sentensi mbili za Kiswahili cha kawaida, za kueleza kitabu kinahusu nini kwa maneno ambayo mwanafunzi angeyatumia. Jina la kitabu linaloweza kuandikwa namna mbili, kama hilo la Majimaji, namna ya pili iweke 246.

QueryStemming, ile setingi ya kukata maneno, kwa Kiswahili haina faida, nimeshasema kwanini. QueryAutoTruncate iwashe, inasaidia msomaji anayeandika neno nusu. QueryFuzzy mi ningeiacha imezimwa, inaleta maneno yanayokaribiana tahajia, na maneno yetu mafupi yanakaribiana mno, mtu anatafuta paka analetewa pika na peka. QueryWeightFields iwashe ili kitabu chenye neno kwenye jina kikae juu ya kile chenye neno hilo kwenye noti za chini.

Na ile alama ya ng', kaa kwenye kompyuta tafuta ng'ombe kwa alama iliyonyooka, kwa iliyopinda, na bila alama. Majibu yakitofautiana kamuone fundi wa seva, mwambie akague kanuni za herufi kwenye Zebra, kama mnatumia ICU ni faili la words-icu.xml, humo ndo unaamua alama zipi zifutwe kabla neno halijaingia kwenye faharasa. Ni kazi fupi lakini nayo inataka kujenga faharasa upya, kwa hiyo ifanye usiku uleule wa mamlaka usilale mara mbili.

Baada ya hapo rudi kwenye ile ripoti ya sifuri, chukua maneno ishirini ya juu, yaandike mojamoja kwenye katalogi kama msomaji. Yatakayoanza kuleta majibu yafute kwenye orodha. Yale ambayo bado ni sifuri, na umeenda rafuni ukahakikisha kweli hamna kitabu cha jambo hilo, yapeleke kwa anayehusika na ununuzi, bajeti ijayo aanze na hayo.